Mbwa wangu anafukuza wageni, na zamu ya kikoba imefika kwangu

MamaPopi_Goba (31 Mei)

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada, na anayetaka kucheka acheke kimoyomoyo.

Nina mbwa dume wa miaka miwili na nusu. Mama yake ni jamani shepadi, baba yake hatumjui, ila majirani wanamsingizia koko mmoja wa machinjioni. Anaitwa Popi. Tulimpa jina hilo alipokuwa anaenea kwenye kapu la nyanya. Leo ana kilo 38 na jina halijabadilika. Kwetu wa ndani hana neno kabisa. Mwanangu wa miaka sita anamlalia tumboni akiangalia katuni, dada wa kazi anamuogesha na kumkata kucha. Shida ni yeyote anayepiga hodi.

Mwanzoni alikuwa anabweka tu, na tulifurahi. Tulihamia huku nyumba zikiwa za kuhesabu, na mwezi wa kwanza tu tukaibiwa pampu ya maji. Kwa hiyo Popi akibweka, mume wangu anamsifu: "Safi sana Popi! Kamata!" Mtu akipita nje ya geti anabwekewa mpaka apotelee kwenye kona.

Sasa mambo yamekuwa makubwa. Mwezi wa pili fundi wa dishi alikimbilia juu ya mnara wa simtanki akakaa huko kama dakika 40, dada akiwa gengeni na mimi kazini. Geti alilikuta wazi, akadhani kukaribishwa. Akanitumia meseji kutoka huko juu: "Mama niko kwenye tenki. Mbwa wako amelala chini ya ngazi ananiangalia." Mwezi wa nne akaja shangazi yake mume wangu kutoka Mbeya. Nikamwambia ingia tu shangazi, hana shida, nimemshika. Na kweli nilikuwa nimemshika mkanda wa shingoni. Shangazi akanyoosha mkono kunipa mfuko wa parachichi, Popi akaruka, akalichana dera kuanzia gotini mpaka kwenye pindo. Ngozi haikuguswa, namshukuru Mungu. Lakini shangazi amerudi na habari hiyo Mbeya, na ukoo mzima sasa unajua kwangu tunafuga simba.

Tangu siku hiyo mchana namfunga mnyororo karibu na geti, usiku saa nne tunamfungulia. Naona ndiyo kwanza amezidi.

Kilichonileta hapa ni kikoba. Tuko akina mama 14, tunakutana kwa zamu majumbani, na zamu yangu ni Jumamosi ya tarehe 21 Juni. Mwenyekiti amenipigia jana: "Mweka hazina, tunakupenda, lakini hatuji kufa kwa ajili ya hisa." Mume wangu naye hataki kusikia habari ya kumpunguza ukali mbwa, anasema mbwa mpole ni mbuzi. Mimi nataka vyote viwili: abweke usiku, na wageni wangu wanywe chai. Inawezekana au najidanganya?

kipepe_mjini

Fundi alilipwa posho ya mazingira magumu?

MamaPopi_Goba

Nilimwongezea elfu kumi. Dishi hajarudi kulimalizia mpaka leo.

Jembe_la_Kibaha

Dawa ni fimbo, msizunguke. Akimrukia mgeni mchape palepale mgeni akiona, mara tatu nne ataelewa. Wangu nilimfanyia hivyo. Siku hizi akiona mtu hangurumi hata kidogo, anakaa kimya anamtazama tu.

Mzee_SanyaJuu

Mama Popi, pole mwanangu. Nimeshika kamba ya mbwa wa doria miaka 19 katika kampuni moja ya ulinzi Arusha. Nimestaafu, nimebaki na migomba na mbwa wawili. Nitaandika kirefu kwa sababu huyo mbwa wa Kibaha "anayekaa kimya anamtazama tu" amenitia baridi.

Nianze na baba mwenye nyumba. Popi si jasiri. Popi anaogopa. Mbwa niliowaamini kazini ni wale uliowapitisha katikati ya soko, watu wanawagusa kwa magunia, na shingo hawageuzi. Popi anamwogopa mgeni, na amejigundulia dawa yake: akibweka, mtu anaondoka. Tazama dunia kwa macho yake. Mtu anapita nje ya geti, Popi anabweka, mtu anapotelea kwenye kona. Yule mtu alikuwa anawahi daladala tu, lakini Popi ana hakika amemfukuza yeye. Mara kumi, ishirini kwa siku, kwa miaka miwili. Na kila akishinda, mkubwa wa nyumba anamshangilia. Angekuwa analipwa mshahara asingefanya kazi kwa bidii zaidi ya hiyo.

Kuna na malezi. Kijibwa hujifunza nani ni wa kawaida duniani akiwa na wiki tatu mpaka kama 14 hivi. Kama wakati ule hakuona mzee wa mkongojo, mama wa baibui, kijana wa helmeti, basi wote hao kwake bado ni mazimwi. Sisi wengi tunaleta kijibwa tunakifungia bandani "kisizoee watu", halafu kikikua tunashangaa hakijazoea watu. Muda ule haurudi. Mbwa mkubwa anafundishika, ila kwa mwendo wa konokono.

Siku ya shangazi kosa lilikuwa lako, usinichukie. Mbwa mwenye hofu ana njia mbili, akimbie au aume. Ulipomshika mkanda ulimfungia moja. Mkono wako nao ulikuwa umekaza, na aliusikia. Akajua hata mama anamwogopa huyu mtu. Kisha mkono wa mgeni ukaja juu ya kichwa chake. Bila shaka alikuwa ameshasema mapema: mwili unakakamaa, mdomo unafungwa ghafla, analamba pua, anapiga miayo na wala hana usingizi, weupe wa jicho unaonekana pembeni. Haya ukiyaona, usingoje kunguruma. Na mnyororo karibu na geti ni yaleyale: hawezi kukimbia, na mazimwi yanapita mbele yake kutwa nzima. Mtoe hapo leo. Geti likiwa la nondo lizibe kwa bati ili asione njia. Hilo peke yake litakupa nafuu kabla ya somo lolote.

Sasa fimbo. Mbwa anayenguruma anakwambia "sogea mbali nami". Ukimchapa kwa kunguruma, umefuta onyo na hofu umeiacha mahali pake, tena umeiongezea maumivu kila mgeni anapotokea. Kazini kwetu alikuwepo mbwa aliyenyamazishwa hivyo. Alimkamata mlinzi mpya mkono bila hata kuinua mdomo kwanza. Kijana yule vidole viwili havikunji mpaka leo. Bwana wa Kibaha, mbwa wako hajaelewa. Amenyamaza.

Kazi yenyewe ni hii. Chagua sehemu moja ambayo Popi anaona geti kwa mbali, pembeni ya baraza au chini ya mti, weka gunia au zulia kuukuu. Chemsha maini ya kuku bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), kata vipande vya punje ya hindi. Wiki ya kwanza hakuna mgeni. Sema "mkekani", akikanyaga gunia tu, maini. Akilala, maini tena. Dakika tano asubuhi, tano jioni, basi, usimchoshe. Kiswahili kinatosha, siku hizi kila mtu anamwambia mbwa wake "sit" kama vile mbwa alisomeshwa London.

Akishalipenda gunia, mwambie dada atoke nje agonge geti kidogo sana. Umewahi kuona kwamba geti likilia tu, kabla ya mtu kuonekana, manyoya ya mgongo yameshasimama? Basi tunaanzia kwenye sauti. Mlio mdogo, maini. Mlio mdogo, maini. Utagonga geti lako mwenyewe mara mia, majirani watasema umechanganyikiwa. Waache.

Ndipo umtafute jirani mmoja mwenye moyo. Popi awe kwenye kamba ndefu iliyolegea, jirani asimame mbali, na ule umbali atauchagua Popi. Kipimo ni maini. Akimwona mtu na bado anaweza kula, umbali unafaa. Akikataa maini au akiyanyakua kwa pupa na macho hayatoki kwa mtu, mmesogea mno, rudini nyuma. Utaratibu usiugeuze: mgeni aonekane kwanza, maini yafuate, mgeni akiondoka, maini yakatike papo hapo. Ukianza na maini halafu mgeni, utamfundisha kwamba maini ni habari mbaya. Jirani asimtazame machoni, asimwinamie, asijaribu kumgusa, wala asimlishe yeye. Mkono wenye chakula ni wako. Mbwa mwoga atajikaza asogee ale kwa mgeni, chakula kikiisha anajikuta amesimama katikati ya adui, na hapo ndipo watu wanang'atwa.

Mnunulie na kile kikapu cha mdomoni, cha kumwezesha kuhema na kunywa maji, umzoeze kwa maini hayohayo kabla ya kukihitaji. Si adhabu.

Na tarehe 21 usijaribu lolote. Wiki tatu hazitoshi. Siku hiyo Popi awe nyuma ya nyumba kabla mama wa kwanza hajafika, mlango una komeo, redio inalia, ana mfupa mbichi mkubwa (uliopikwa usimpe, unapasuka vipande vinavyochoma utumbo). Mwisho wa shughuli ndio atolewe, wageni wote wakiwa wameshaondoka.

MamaPopi_Goba

Mzee asante sana, nimesoma mara mbili nikamsomea na dada. Leo mnyororo nimeutoa na fundi anakuja kupima bati. Ila mume wangu kauliza swali, na nimeona si la kijinga: tukimzoesha kwamba kila mtu ni maini, mwizi akija si atamkaribisha?

Mzee_SanyaJuu

Mwambie swali zuri. Mwizi hapigi hodi, wala hasindikizwi na mama mwenye nyumba. Popi anafundishwa jambo moja tu: mtu akipokelewa na wenyewe, kazi yangu imekwisha. Mwacheni abweke mara tatu nne, mkimbilie kuona, mseme "asante Popi, mkekani". Saa nane usiku hakuna wa kumwambia asante, ataendelea mpaka mwamke. Mbwa wangu hawa wawili wanafanya hivyo na kijiji kizima hakuna anayeruka ukuta wangu.

Tena mwambie hili. Mbwa anayelishwa na kila mkono ndiye ambaye mwizi humtupia nyama yenye sumu naye akala. Ndiyo maana nimesema mgeni asilishe.

Mifugo_Kata

Niongezee kidogo, niko idara ya mifugo huku wilayani. Mama, kabla ya mafunzo mpeleke akaguliwe. Mbwa mwenye kupe waliojaa masikioni, au maumivu ya nyonga (hawa wenye damu ya jamani shepadi wanasumbuliwa sana na nyonga), anakuwa mkali kwa sababu kila anayemsogelea anaweza kumtonesha. Nimeshaletewa mbwa "mkorofi" nikamtoa usaha sikioni, akarudi nyumbani mtu mwingine.

Na kadi ya chanjo ya kichaa iko wapi? Ya kwanza ni akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na mara nyingi kipindi hicho halmashauri huchanja bure. Safari ijayo meno yakifika kwenye ngozi, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mkwaruzo. Msipake mafuta ya taa wala pilipili. Kichaa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna tena tiba.

BiKisauni

Salaam kutoka Mombasa. Mie jibwa sina na sitaki, lakini nimepita hapa nikaona wote mwasema upande wa mbwa. Nami niseme upande wa mgeni.

Dadangu, hilo neno "ingia tu, hana shida" ndilo litufanyalo tusije. Wewe wamjua, sisi hatumjui. Nikiwa mlangoni kwako mwataka nimwamini mnyama niliyemsikia angurumapo kwa sababu tu wewe wacheka. Na si woga peke yake. Katika hao wenzako 13 yamkini wamo Waislamu. Sisi wa madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa yakinipata nguoni nina kazi ya kuosha mara saba, moja kwa mchanga, ndipo nguo ile niisalie. Nimekuja na dera langu zuri, adhuhuri i karibu, sasa waniambia "anataka kukunusa tu"? Utu gani huo!

Wapigie simu mmojammoja leo hii. Usiseme "msiogope". Sema atakapokuwa: yuko nyuma, mlango una komeo, ufunguo ninao mie mfukoni. Mgeni akishajua mbwa yu wapi, chai yapita kooni.

MamaPopi_Goba (22 Juni)

Jana imepita. Nilipiga simu zote 13 kwa maneno ya Bi Kisauni, neno kwa neno. Walikuja 11. Mwenyekiti alifika wa kwanza, akaenda nyuma mwenyewe kulivuta lile komeo, akarudi tena kulivuta kabla ya kukaa. Wakati wa kuhesabu hisa Popi alibweka mara moja, akina mama wote wakanyanyua miguu juu ya makochi kama sakafu imeingia maji, pochi ya hazina ikamwagika. Tulitafuta sarafu chini ya meza hadi saa kumi na mbili. Lakini walikula, walikunywa, na hakuna aliyekufa kwa ajili ya hisa.

Daktari alikuta kupe kwenye sikio la kushoto, ndani kabisa, na kidonda. Ndilo sikio la upande ule shangazi alikonyoosha mkono. Nimelia kidogo njiani wakati wa kurudi.

Mzee_SanyaJuu

Usilie. Endelea na gunia.

MamaPopi_Goba (30 Septemba)

Wakuu nimerudi kutoa ripoti, maana watu huwa wanaomba ushauri hapa wanapotea.

Bati lilifanya kazi kuliko kitu chochote. Wiki mbili tu kelele za mchana zilipungua mpaka jirani akaja kuuliza kama mbwa amekufa. "Mkekani" alishaijua ndani ya siku nne. Anaipenda hivi kwamba nikitaja mkeka kwenye maongezi yangu na simu anaenda kulala. Kugonga geti ilichukua karibu mwezi mzima. Jirani yetu mwalimu mstaafu ndiye aliyejitolea kuwa mgeni, kila Jumapili jioni, tukianza yeye akiwa kule kwenye mwembe na sasa anakaa kwenye kiti cha baraza, hatua sita kutoka kwenye gunia, anasoma gazeti. Hajawahi kumgusa na sina haraka. Wasoma mita wa maji wanaingia, Popi anabweka mara tatu, ananigeukia mimi kutazama maini yako wapi.

Tumerudi nyuma pia, nisiwadanganye. Mwezi wa nane kijana wa bodaboda aliingia na helmeti kichwani kuleta gesi, geti lilikuwa wazi kama siku ile ya fundi. Popi alikuwa na kikapu mdomoni, tulikuwa kwenye mazoezi, la sivyo sijui. Alimgonga kijana wa watu kifuani akaanguka na mtungi. Nililala vibaya siku hiyo. Tukaanza upya na mwalimu kule kwenye mwembe, na geti sasa lina kengele na bawaba inayojifunga yenyewe.

Mume wangu hajasema lolote, wala hajakubali kwamba alikosea. Ila wiki iliyopita niliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri nikamsikia barazani ananong'ona: "Mkekani, babu. Mkekani." Nikafungua friji, maini nusu hayapo.

Chanjo tumepata juzi tarehe 28, bure kweli. Popi alisimama kwenye foleni na kikapu chake mdomoni, watu wakitupisha.

Shangazi nimemnunulia dera jingine nikalituma na basi. Amepokea, ameshukuru, anasema Desemba anaweza kuja ila atafikia kwa mdogo wake Kibamba kwanza, aangalie hali ya hewa. Kilichobaki ni helmeti. Jirani wa bodaboda ametuazima yake ya zamani, na kuanzia kesho dada atakuwa anaanika nguo akiwa ameivaa. Mama wa nyumba ya juu ameshaanza kuuliza kama dada anaumwa kichwa.

kipepe_mjini

Na dishi?

MamaPopi_Goba

Fundi anasema atakuja Popi akistaafu.